Sura ya Sita: Mshiko wa Laisini

Merti imekaa kando ya mto Ewaso Ng'iro Kaskazini, zaidi ya kilomita 200 kutoka Isiolo mjini, na barabara ya kuifikia humnyenyekeza kila dereva. Kiangazi ni vumbi na mawe. Mvua ikinyesha, laga, yaani mito ya msimu, zinajaa na gari hulala njiani likisubiri maji yapungue. Wenyeji, wengi wao Waborana wafugaji, hupima safari kwa hali ya njia kabla ya kuipima kwa kilomita. Mgonjwa naye hupimiwa hivyo hivyo.

Sasa mchukue mama aliyejifungua salama katika mojawapo ya maboma ya huko, kondo likatoka, lakini damu ikakataa kusimama. Takwimu zilizotokana na sensa ya 2009 ziliiweka Isiolo miongoni mwa kaunti 15 zenye mzigo mkubwa zaidi wa vifo vya uzazi nchini Kenya, na kuvuja damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua wazazi duniani. Mama huyu ana saa chache tu. Linaloamua kama atapona ni mambo mengi: mkunga, gari, benki ya damu. Mojawapo ni protini inayoelea katika damu yake mwenyewe, iitwayo plasminojeni, na kama kuna mtu karibu mwenye uwezo wa kuizuia kwa muda.

Damu inatakiwa kufanya mambo mawili yanayopingana. Mshipa ukikatwa, igande. Kidonda kikishapona, au bonge likijitokeza pasipo kidonda, bonge hilo liyeyuke. Bonge hushikiliwa na nyuzi za protini iitwayo fibrini, na kinachozikata nyuzi hizo ni kimeng'enya kinachoitwa plasmini. Plasmini ingekuwa inazunguka mwilini wazi wazi, hakuna jeraha ambalo lingefunga. Kwa hiyo ini haliitengenezi plasmini. Linatengeneza plasminojeni, ambayo ni panga lililo ndani ya ala.

Kila lita ya plazma, yaani ule umajimaji wa damu usio na chembe, ina takriban miligramu 200 za plasminojeni. Molekuli moja ni mnyororo wa asidi amino 791, na katika mnyororo huo kuna mahali pamoja, kati ya ya 561 na ya 562, panapotakiwa kukatwa ili plasmini izaliwe. Anayekata kwa kawaida ni protini nyingine, kiamshi cha plasminojeni cha tishu, ambacho kwa kifupi huitwa tPA. Kikiwa peke yake ndani ya damu, tPA ni kivivu. Kikikutana na plasminojeni juu ya uzi wa fibrini, kazi huenda mbio. Hapo ndipo penye ustadi wa mfumo huu: panga huchomolewa palepale penye kazi, na plasmini ikidondoka kutoka kwenye bonge, hudakwa mara moja na protini nyingine inayoizima.

Lakini plasminojeni inajuaje fibrini iko wapi? Inashika. Imejikunja katika mapindo matano, na baadhi ya mapindo hayo yana vishimo vidogo vinavyonasa asidi amino moja tu: laisini. Fibrini ina laisini nyingi juu yake, na hasa ikianza kukatwa, kwa kuwa kila mkato huacha laisini mpya zikiwa wazi mwishoni mwa uzi. Plasminojeni zaidi inakuja, inashika, inakatwa, nayo inakata. Mshiko huo wa laisini ndio sura hii inaufuatilia, maana kutokana nao maabara ilipata njia ya kuisafisha plasminojeni, na hospitali ikapata dawa ya yule mama wa Merti.

Habari yenyewe haikuanza na laisini. Ilianza na vijidudu vya koo. Mwaka 1933, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, William Tillett na R. L. Garner walionyesha kwamba supu iliyooteshwa bakteria aina ya streptokokasi huyeyusha bonge la damu ya binadamu kwa muda mfupi. Bonge la damu ya sungura lilikataa kuyeyuka. Watafiti wengi wangeona kwamba sungura ameharibu jaribio. Kumbe sungura ndiye aliyebeba fumbo: ikiwa bakteria ndiye mwenye kimeng'enya, kwa nini achague damu? Mwaka 1941 Haskell Milstone aliona kwamba fibrini ya binadamu iliyosafishwa sana nayo ilikataa kuyeyuka, mpaka iongezewe kiasi kidogo cha protini kutoka plazma ya binadamu. Bakteria hakuwa na kiyeyusho. Alikuwa na kitu cha kukiamsha kiyeyusho kilichokuwamo tayari ndani ya damu yetu, na kitu hicho hakipatani na plasminojeni ya sungura. Kufikia 1945, L. R. Christensen na Colin MacLeod walikuwa wameyaweka sawa majina ya plasminojeni na plasmini tunayotumia hadi leo. Kile kitu cha bakteria kikaitwa streptokinasi.

Kutoka hapo njia ya kwanza ya tiba ilikuwa dhahiri: mwamshe aliyelala. Mwaka 1986 utafiti wa Italia uitwao GISSI, uliohusisha wagonjwa karibu 12,000 wa mshtuko wa moyo, ulithibitisha kuwa streptokinasi hupunguza vifo, na kwamba anayewahi ndiye anayefaidika. Huko Leuven, Ubelgiji, Désiré Collen na wenzake walikuwa tayari wameisafisha tPA kutoka kwenye seli za saratani ya ngozi zilizokuwa zikioteshwa maabara, na mwaka 1987 tPA iliyotengenezwa kwa uhandisi wa jeni ikaidhinishwa Marekani kwa ajili ya moyo, kisha 1996 kwa ajili ya kiharusi.

Niseme wazi kwamba upande huu wa sayansi, pamoja na sifa zake zote, umeifaidia Merti kidogo sana. Mgonjwa wa kiharusi anatakiwa apewe tPA ndani ya muda wa saa 4 na nusu, baada ya picha ya CT kuthibitisha kwamba ubongo haujavuja damu, kwa kuwa ukimpa aliyevuja damu umemuua. Dawa yenyewe ni ghali. Ukijumlisha barabara niliyoieleza, hesabu inakataa. Faida ya Merti ilikuja kutoka upande wa pili, na upande huo ulipitia maabara za watu waliokuwa wakihangaika na jambo lililoonekana dogo: namna ya kuipata plasminojeni ikiwa safi.

Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Lita ya plazma ina gramu 70 hivi za protini za kila namna, na unazitaka miligramu 200 za moja tu, tena iwe bado imelala. Njia za zamani zilitumia asidi kali na chumvi, na kilichopatikana mara nyingi kilikuwa kimeharibika au kimeshaanza kujigeuza kuwa plasmini. Mwaka 1970, Dale Deutsch na Edwin Mertz wa Chuo Kikuu cha Purdue walichapisha katika jarida la Science njia nyepesi kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuifanya kwa siku moja. Walichukua punje za agarosi, dutu itokanayo na mwani mwekundu (si ule wanaoulima akina mama wa Paje, Zanzibar, ambao hutoa karagini), wakazibandika laisini. Punje hizo hujazwa ndani ya mrija wa kioo uliosimama wima, na plazma humiminwa juu yake. Albumini inapita. Kingamwili zinapita. Plasminojeni peke yake inabaki, imeshika laisini. Mrija unasuuzwa hadi kinachotoka chini kisiwe na protini yoyote, kisha unamiminiwa asidi aminokaproiki, molekuli inayofanana na laisini. Plasminojeni inaiachia laisini iliyobandikwa, inamshika huyu mgeni aliyejaa kila mahali, na kutoka naye hadi kwenye chupa.

Tafadhali ikumbuke hatua hiyo ya mwisho. Tutaikuta tena ikifanyika ndani ya mwili wa mama.

Maabara nyingi za utafiti bado hutumia njia hiyo au binamu zake. Wakati wa kusafisha huongezwa aprotinini, kizuizi kilichopatikana kwanza kutoka kwa ng'ombe, ili plasminojeni isije ikaamka mikononi mwa mtu. Plasminojeni huuzwa ikiwa unga mweupe uliokaushwa kwa baridi, na kwa kuwa chanzo chake ni damu ya watu, damu hiyo hupimwa kwanza virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Kinachofanywa nayo baadaye hutegemea swali. Mtu akitaka kujua kama sampuli ina kiamshi, humwaga fibrini katika sahani, anadondosha sampuli juu, anaiacha katika joto la mwili, kisha anapima upana wa duara lililoyeyuka. Ni njia ya Tage Astrup na Sten Müllertz wa Copenhagen, ya mwaka 1952. Ilifanya kazi kwa sababu fibrini ya ng'ombe waliyotumia ilikuwa imechanganyika na plasminojeni bila ya mtu kuiweka. Sahani hiyo ikipashwa moto wa kutosha, plasminojeni huharibika na duara halitokei. Hospitalini, daktari anayetaka kujua mgonjwa ana plasminojeni kiasi gani hupeleka plazma ikaongezwe streptokinasi na kipande cha protini chenye rangi iliyofungwa ndani yake. Kipande kikikatwa, maji yanageuka manjano, na mashine inasoma ukali wa manjano hiyo. Wapo watoto wachache mno duniani wanaozaliwa na upungufu wa plasminojeni, na macho yao huota utando mgumu kama ubao. Tangu 2021 Marekani imeidhinisha plasminojeni yenyewe, iliyosafishwa kutoka plazma, kuwa dawa yao.

Edwin Mertz anastahili aya yake, kwa kuwa msomaji wa Kenya ana deni naye bila kujua. Kabla ya kuibandika laisini kwenye punje za agarosi, alikuwa ameitafuta kwenye punje za mahindi. Mahindi ya kawaida yana laisini kidogo, na mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza. Mtoto anayekula uji wa mahindi mtupu hushiba bila kujengeka. Mwaka 1964 Mertz na Oliver Nelson walionyesha kwamba aina moja ya mahindi yenye punje zisizopitisha mwanga ilikuwa na laisini nyingi kuliko kawaida. Mahindi hayo yalikuwa laini, yakashambuliwa na wadudu, na wakulima wakayakataa. Ilichukua miaka mingi ya kazi ya Surinder Vasal na Evangelina Villegas nchini Mexico kuyafanya magumu na matamu, kazi iliyowapa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Merti ukame ukibana, chakula cha msaada huja kikiwa mahindi. Wazazi wa huko hawakusubiri Purdue: uji ukipata maziwa ya ngamia, laisini imeshapatikana.

Turudi kwenye damu. Wakati Mertz akichunguza mahindi, Japani kulikuwa na mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, madaktari walioanza utafiti katika ufukara wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Walichagua damu kwa sababu ilikuwa rahisi kupatikana. Ikipungua, wangeweza kutoa yao. Walikuwa wanatafuta kitu cha kuzuia plasmini ili kuokoa wanaovuja damu. Walipojaribu laisini, waliona inazuia, japo kwa unyonge. Wakaanza kuibadilisha kidogo kidogo. Kwanza wakafika kwenye asidi aminokaproiki, ile ile ambayo baadaye ingeiondoa plasminojeni kwenye mrija wa Deutsch na Mertz. Kisha mwaka 1962 wakatangaza iliyokuwa na nguvu mara nyingi zaidi, asidi traneksamiki, ambayo wauguzi wetu huiita TXA.

Jinsi inavyofanya kazi haihitaji maelezo mapya. Vishimo vya plasminojeni vinajazwa na molekuli inayofanana na laisini, na plasminojeni inashindwa kuishika fibrini. Bonge linabaki. TXA haigandishi damu. Kudhani inagandisha ni upotovu unaosikika hata kwa watu wa afya. Inalinda tu bonge ambalo mwili umeshalitengeneza.

Utako alitaka itumiwe kwa wazazi wanaovuja damu. Madaktari wa uzazi aliowaendea hawakushawishika, na kwa miongo kadhaa dawa ikabaki ya hedhi nzito na ya kung'oa meno kwa wenye hemofilia. Mwaka 2010 utafiti wa CRASH-2, wenye majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha inaokoa watu waliopata ajali. Ndipo utafiti wa WOMAN, ulioongozwa kutoka London, ukaandikisha wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo. Matokeo yalitoka Aprili 2017: waliopewa TXA ndani ya muda wa saa 3 tangu kujifungua, vifo vya kuvuja damu vilipungua kwa karibu theluthi moja. Utako Okamoto alikuwa amefariki Aprili ya mwaka uliotangulia, akiwa na umri wa miaka 98.

Kwa nini saa 3? Uzazi huumiza tishu, na tishu zilizoumia humwaga tPA. Katika saa ya kwanza kiwango chake katika damu huongezeka maradufu. Plasminojeni inaamshwa wakati mbaya kabisa. Ukiwahi, unazuia. Ukichelewa, fibrini imeshaliwa na hakuna cha kulinda. Uchambuzi uliochapishwa 2018, uliounganisha wagonjwa wa CRASH-2 na WOMAN, ulikadiria kuwa kila robo saa ya kuchelewa hupunguza manufaa kwa asilimia 10 hivi, na baada ya muda wa saa 3 manufaa hayaonekani tena. Mwaka 2017, mwaka ule ule wa matokeo ya WOMAN, Shirika la Afya Duniani lilielekeza: gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10, na ya pili damu ikiendelea baada ya nusu saa au ikianza tena ndani ya muda wa saa 24.

Hapa Merti inaanza kuonekana katika hesabu. Oksitosini, dawa ya kwanza ya kukaza mfuko wa uzazi, huhitaji jokofu la nyuzi 2 hadi 8. TXA hukaa kabatini. Haihitaji picha ya CT wala daktari bingwa. Inahitaji muuguzi anayejua kuweka sindano mshipani na saa ukutani. Mwaka 2023 utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliiweka TXA pamoja na hatua nyingine chache, ikiwemo karatasi ya plastiki yenye alama za kupimia damu anayopoteza mama, zote zifanywe kwa mkupuo badala ya kungojana. Visa vya kuvuja damu kwingi na madhara yake vilipungua kwa asilimia 60. Kwa maoni yangu karatasi ile ya kupimia imefanya kazi sawa na dawa, kwa kuwa jicho la mtu, hata la mkunga mzoefu, hukadiria damu pungufu.

Kuna hatari moja ya kijinga. Chupa ndogo za TXA hufanana na za dawa ya ganzi ya uti wa mgongo, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo baada ya wagonjwa kuchomwa TXA mgongoni kwa makosa. Huko inaua. Isiwekwe kabati moja na dawa za ganzi, basi.

Na tusiichanganye na kuvuja damu kwa aina nyingine kunakojulikana sana kaskazini ya Kenya. Wapo nyoka wadogo wa jenasi ya Echis, jamaa wa bafe, ambao sumu yao huamsha protini nyingine ya damu iliyolala, ile ya kugandisha, na kuuchosha uwezo wa damu kuganda mpaka uishe. Mtu huanza kutoka damu kwenye fizi na kwenye majeraha ya zamani. Kipimo chake hakina gharama: mililita 2 za damu katika chupa safi, kavu, ya kioo, iachwe dakika 20 bila kuguswa, kisha iinamishwe. Ikimwagika bado maji, sumu imeingia kwenye mfumo wa damu. Aliyeumwa anahitaji dawa ya kupinga sumu inayolingana na nyoka huyo. TXA haitengui sumu.

Kwa wanaoketi na bajeti ya afya ya kaunti, swali la kuuliza ni fupi: je, kila kituo kinachozalisha, kuanzia Merti hadi Biliqo, kina TXA leo, na kuna anayejua kuitoa usiku? Na kwa mkunga wa bomani, au jirani yeyote atakayempandisha mzazi garini: andika saa mtoto alipozaliwa, hata kama ni kwa kalamu kwenye kiganja. Ndilo jambo la kwanza muuguzi atakalohitaji kujua.